Mjadala: Anayetangaza kompyuta ya kwantamu atutajie kyubiti tu, au na nyaya pia?

MLETA MADA
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa simu na redio. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipinge vizuri: kampuni au chuo kinachotangaza kompyuta mpya ya kwantamu kilazimike kutaja ni nyaya ngapi zinaingia kwenye jokofu lake, palepale kinapotaja idadi ya kyubiti. Fedha za umma zimo humu. Umoja wa Ulaya ulianzisha mpango wa euro bilioni 1 kwa miaka kumi mwaka 2018, na Marekani ikapitisha sheria yake Desemba ya mwaka huohuo. Mlipa kodi wa huko, na ndugu zetu wengi ni walipa kodi wa huko, ana haki ya kujua kazi imefika wapi.

Kwa ambaye hajafuatilia: kyubiti ndiyo kijisehemu kinachobeba hesabu ndani ya kompyuta hizi. Zile zinazotengenezwa kwa metali inayopoteza ukinzani ikipoa hukaa chini kabisa ya jokofu, kwenye milikelvini (elfu za kelvini) 10 hadi 20, karibu kabisa na ile sifuri ambayo hakuna baridi zaidi yake. Mitambo inayoziamuru iko nje, kwenye joto la chumba. Kinachounganisha huku na kule ni waya. Kyubiti moja inataka waya wa kuipelekea mawimbi ya maikrowevu, mara nyingi na mwingine wa kurekebisha masafa yake, na bado kuna njia ya kusomea jibu. Kila waya unashuka na joto lake. Pale chini jokofu lina uwezo wa kuondoa maikrowati 20 hivi tu. Kile kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba simu inachaji kinakula maelfu.

Desemba 2023 IBM ilitoa chipu ya Condor, kyubiti 1,121. Habari zote zikabeba namba hiyo. Iliyonishtua mimi ni nyingine, na waliisema wao wenyewe: ndani ya jokofu lile moja kuna zaidi ya maili nzima ya nyaya, yaani kilomita 1.6 na ushee. Sasa sikilizeni. Mei 2025 Craig Gidney wa Google alikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA, ile kufuli ya siri za mtandaoni, wa biti 2048 kutahitaji kyubiti zisizofika milioni moja. Tuseme laki tano tu. Nyaya zake zipite wapi?

Nendeni mkachukue kibodi ya vitufe 16, ile ya mlango wa kufunguliwa kwa namba. Fungueni nyuma. Mtahesabu nyaya 8. Nne zimelala, nne zimesimama, na kila kitufe kimekaa pale waya uliolala unapokutana na uliosimama. Ukibonyeza 5, waya wa pili wa kulala umegusana na wa pili wa kusimama, imekwisha. Kibodi ya vitufe 10,000 kwa mtindo huo ingetaka nyaya 200. Mwaka 2023 watafiti wa QuTech, kituo cha utafiti wa kwantamu pale Delft, Uholanzi, walichapisha kazi ya sura hiyohiyo: nukta 16 za kwantamu (vijumba vidogo mno vinavyoweza kutumika kama kyubiti) kwenye gerimani, nne kwa nne, zikiongozwa kwa laini za kushirikiana. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko zile 1,121, lakini sikuiona kwenye gazeti hata moja. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mwalimu wa fizikia, Morogoro)
Mkuu, mfano wako wa kibodi ni mzuri na ndiyo maana una hatari. Kitufe kina hali mbili, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, na vyote 16 vinafanana. Kyubiti hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Hii inataka volteji kiasi hiki, jirani yake inataka pungufu kidogo. Ukizifunga kwenye laini moja, amri inayomfaa huyu inamvuruga yule, na kosa dogo kwenye kyubiti linazaana kwenye hesabu nzima. Watu wa Google hawakuweka laini kwa kila kyubiti kwa uvivu. Chipu yao ya Willow ya 2024, kyubiti 105, ilionyesha kwamba kila wakipanua kundi la kyubiti linalolinda taarifa moja, makosa yanapungua kwa zaidi ya nusu. Hilo lilitafutwa kwa karibu miaka thelathini, na wamelipata kwa njia hiyohiyo unayoilalamikia.

Kuna jingine. Chipu yao ya Sycamore ya 2019 iliundwa na kyubiti 54. Moja haikufanya kazi. Wakaiacha, wakaendelea na 53, na jaribio likaingia kwenye historia. Kila kyubiti ilikuwa na laini zake, kwa hiyo ubovu ukabaki palepale ulipotokea. Kwa mtindo wako, laini moja ikiharibika unapoteza safu nzima. Mkianza kuwahukumu watu kwa idadi ya nyaya, mtawasukuma wapunguze nyaya kwa kuharibu ubora, kama walivyosukumwa kurundika kyubiti.

MCHANGIAJI WA PILI
Naona wote mmesahau njia ya tatu, kuhamisha mitambo yenyewe iingie kwenye baridi. Mwaka 2019 Intel walionyesha chipu ya Horse Ridge, inayofanya kazi kwenye kelvini 4 hivi, ghorofa ya juu ndani ya jokofu, ambako unaruhusiwa kumwaga joto la wati moja au zaidi. Amri zinashuka kutoka nje kwa nyaya chache, na chipu inazigawa. Timu ya Chuo Kikuu cha Sydney imekwenda mbali zaidi: 2025 walionyesha chipu ya udhibiti inayokaa na kyubiti zake kwenye baridi ya milikelvini bila kuzivuruga kwa kiasi cha kutisha.

Tena si kyubiti zote zinataka baridi ile ya chini kabisa. Mwaka 2020 kundi la Delft na kundi la Chuo Kikuu cha New South Wales, nalo la jijini Sydney, kila mmoja kivyake, walionyesha kyubiti za silikoni zikifanya kazi juu ya kelvini 1. Pale jokofu lina nguvu maelfu ya mara kuliko kule chini. Hapo hesabu ya nyaya inabadilika kabisa. Mleta mada, ukimpa huyu wa silikoni na yule wa Google kipimo kimoja, utakuwa umewaonea.

MCHANGIAJI WA TATU
Naomba kuuliza. Kwa nini wasinunue majokofu mengi tu na kuyaunganisha? Na heliamu ya Rukwa iliyotangazwa 2016 haiwezi kuingia kwenye biashara hii?

MCHANGIAJI WA PILI
Majokofu haya yanatumia mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4. Ya Rukwa ni heliamu-4, ile ya kawaida. Heliamu-3 ni adimu mno, hupatikana tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) inapooza, na tritiamu yenyewe inatoka kwenye vinu vya nyuklia. Kila jokofu unaloongeza unaongeza na foleni ya kuitafuta. Kwa hilo nipo upande wa mleta mada: nafasi iliyopo ndani ya jokofu itumike kwa uangalifu kabla hujaagiza jingine.

MLETA MADA
Mwalimu, nakushukuru, na sehemu moja umenibana kweli. Kibodi zenyewe zina ugonjwa huo. Bonyeza 1, 2 na 4 kwa pamoja kwenye kibodi isiyo na dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu: itakuonyesha na 5, ambayo hujaigusa. Umeme umezunguka kupitia vile vitufe vitatu. Na waya mmoja wa kulala ukikatika, 1, 2, 3 na kitufe cha nne cha mlalo huo vinakufa siku moja. Nimeletewa kibodi za hivyo mara nyingi, mteja anaapa kwamba vitufe vimekufa kimoja kimoja, kumbe ni waya mmoja. Kwa hiyo sitasema tena wataje nyaya peke yake. Wataje nyaya, joto zinaloshusha, na kiwango cha makosa, vyote kwenye ukurasa uleule wenye idadi ya kyubiti. Hapo hakuna atakayepunguza nyaya kwa kuficha uharibifu, na huyo wa kelvini 1 ataonekana alivyo bila kuonewa.

Ila usiseme kushirikiana laini ni ndoto. Kwenye kusoma majibu wameshafanya. Kyubiti kadhaa zinasomwa kupitia laini moja, kila moja ikiwa na masafa yake, jinsi antena moja inavyokuletea stesheni zote za redio kwa waya mmoja. Kilichobaki ni upande wa kuamuru, ambao nakubali ni mgumu zaidi.

Kuhusu safu kufa: watengeneza chipu za kumbukumbu walipambana na jambo hilihili. Kumbukumbu ya simu yako imepangwa kwa milalo na wima vilevile, mabilioni ya vijumba, na haitoki kiwandani ikiwa nzima yote. Wanachofanya ni kuchonga milalo na wima ya akiba pembeni. Wakati wa kupima, mlalo uliokufa unakatwa na wa akiba unachukua namba yake, na wewe hutajua kamwe. Nikiwa na mtafiti wa Delft mbele yangu ningemuuliza hilo tu: kwenye zile nne kwa nne zenu zikija kuwa mia kwa mia, laini za akiba mmepanga ngapi?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Laini ya akiba nayo ni waya, mkuu.

MLETA MADA
Ni waya, ndiyo. Weka kumi kila upande, juu ya zile 200 zimekuwa 220. Kwa mtindo wa laini kwa kila kyubiti ungekuwa na 10,000 kwa uchache. Hizo 20 nazibeba mwenyewe mgongoni.