Alzheimer: mbona seli hizi zinakufa na zile zinabaki?

Tabibu wa Wete
Assalaam aleikum wajuzi. Mgonjwa wa Alzheimer hakumbuki kama ameshasali adhuhuri, na chakula alichokula saa moja nyuma anasema hajapewa. Lakini mpe ukindu, anasuka ukili bila kukosea, na Yasini anaisoma kwa ghibu. Kama seli za ubongo zinakufa, mbona zinachaguana? Na donepezili, dawa wanayopewa wagonjwa hawa, inasaidia nini ikiwa seli zimeshakufa?

Bi Neva
Waaleikum salaam daktari. Zinachaguana kweli. Za mwanzo kufa kwa wingi ni seli za tabaka la pili la gamba la ubongo liitwalo entorinali, upande wa ndani wa ubongo, usawa wa sikio. Hapo ndipo bandarini pa hipokampasi, sehemu inayotunga kumbukumbu mpya: jambo jipya lisiposhushwa hapo, haliingii mjini. Utafiti uliochapishwa 1996 ulikuta kwamba hata wenye dalili ndogo sana wameshapoteza kiasi cha asilimia 60 ya seli za tabaka hilo, na wenye ugonjwa mkali kiasi cha 90. Wazee wasio na ugonjwa hawakupungukiwa, kwa hiyo ile kauli ya "uzee tu huo" tuiache. Kinachofuata ni eneo la CA1 ndani ya hipokampasi yenyewe.

Ukili uko kwengine. Ustadi wa mikono unashikwa na striatamu, iliyo ndani kabisa ya ubongo, na ubongo mdogo wa kisogoni, na gamba linaloamrisha misuli huguswa mwisho mwisho. Yasini nayo, iliyosomwa tangu chuoni, haiitegemei tena hipokampasi.

Kinachoziua: protini ya tau, ambayo kazi yake ni kushikilia vijineli vya usafirishaji ndani ya mkia wa seli, inabanduka na kujisokota mafundo. Mizigo haifiki, ncha zinazogusana na seli nyengine zinakatika kwanza, kisha seli yenyewe inakufa. Zinazoumia zaidi ni zenye mikia mirefu yenye matumizi makubwa ya nguvu. Tau mbovu husambaa kwa kufuata seli zilizounganika, ndiyo maana Braak na Braak mwaka 1991 waliweza kuupanga ugonjwa hatua sita. Amiloidi, ile protini nyengine inayoganda madoa nje ya seli, haiko hivyo. Unaweza kukuta madoa yake tele pahala ambapo seli zingali hai.

Mfamasia
La donepezili nalijibu mimi. Chini ya ubongo wa mbele kuna kiini cha Meynert, ambacho seli zake zinapeleka asetilikolini, kemikali ya kupashana habari baina ya seli, karibu gamba zima, nazo hufa kwa wingi. Dawa haifufui hata moja, wala haizuii vifo. Inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili ile kidogo inayotolewa na seli zilizobaki ikae zaidi. Faida yake ni ya kiasi, waambieni jamaa mapema.

Anza miligramu 5 mara moja kwa siku, usiku, baada ya wiki 4 hadi 6 panda 10 ikiwa tumbo linastahamili. Kichefuchefu na kuharisha ndiyo malalamiko ya kawaida. Akiota ndoto za kutisha, ihamishie asubuhi. Ramadhani, wakati wa daku. Pima mapigo ya moyo kabla ya kuanza na kila unapopandisha, khasa kama anatumia atenololi au propranololi, ambazo nazo hupunguza mapigo. Mwenye pumu, tahadhari. Akiikosa wiki kadhaa, arudi kwenye 5.

Linaloharibu kazi ni vidonge vya mafua na baadhi ya dawa nyengine. Piriton, promethazini na amitriptilini (ya sonona) zinaziba vipokezi vya hiyo hiyo asetilikolini. Yaani mkono mmoja unampa, wa pili unamnyang'anya, na mgonjwa anachanganyikiwa zaidi.

Tabibu wa Wete
Shukran sana. Sasa akiwa na mzio wa pua?

Mfamasia
Loratadini miligramu 10 kwa siku, au maji ya chumvi ya puani. Na kagua mfuko mzima wa dawa aliokuja nao, Piriton huwa imo na hakuna aliyeitaja.

Bi Neva
Nyongeza, daktari. Seli hizi hufa kwa miaka. Aliyeharibika akili ndani ya siku mbili tatu huyo ana jambo jengine: tafuta maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, au damu iliyovuja juu ya ubongo baada ya kuanguka. Na hata aliyedhoofika polepole, pima kwanza tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU kabla ya kuandika Alzheimer kwenye faili.