Tupeane uzoefu: amani ya Kristo ilikujaje kwako wakati mambo bado hayajakaa sawa?

Bwana asifiwe wapendwa. Shuhuda nyingi tunazopeana ni za niliumwa nikapona, sikuwa na kazi nikapata, na namshukuru Mungu kwa hizo, ila leo naomba tuongelee ile amani iliyokuja wakati jambo lenyewe halijabadilika hata kidogo. Naanza mimi.

Mama yangu aliugua miaka miwili. Tulifunga, tulikesha, akapakwa mafuta, akafariki. Baada ya mazishi nikawa siwezi kusali kabisa yani nikipiga magoti nabaki kimya tu, na watu wakija wananiambia usilie, Mungu ana makusudi yake, mpaka nikaanza kuona hata kulia ni dhambi. Siku moja nafungua Zaburi nikaangukia ya 88. Sijui kama mmeshawahi kuisoma taratibu. Zaburi nyingi za maombolezo zinaanza na kilio zikifika mwisho zimegeuka sifa, hii inaanza na kilio na inaishia gizani, basi. Niliisoma kwa sauti nikalia kuliko nilivyolia msibani. Nikajiambia kama Mungu ameacha maneno haya yakae kwenye Neno lake, kumbe naweza kumwendea hivi hivi nilivyo. Mama hakurudi, pengo lipo, ila tangu siku ile naongea na Mungu tena na usiku nalala. Karibuni na nyie.

#2
Pole sana kwa mama mpendwa. Mimi ilikuwa kazi, nilisimamishwa ghafla na nina familia. Saa tisa usiku macho makavu napiga hesabu za madeni, asubuhi najilaumu kwamba sina imani. Mzee mmoja wa kanisa aliponisikiliza hakunipa mahubiri, aliniuliza "umekula leo?" Akanionyesha 1 Wafalme 19, nabii Elia amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na malaika hakumkemea wala kumuuliza imani iko wapi, alimpa mkate na maji akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Ndo baadaye akaenda Horebu, mlima wa Mungu. Aisee hilo lilinifungua, nikaacha kudhani mwili na roho ni vitu viwili visivyojuana. Kazi nilipata baada ya miezi kumi na moja, amani ilitangulia mbali sana.

#3
Mimba mbili ziliharibika. Sitaeleza mengi. Kilichonibeba ni dada mmoja tunaesali naye, alikuwa anakuja anakaa, anaosha vyombo, anasali sentensi mbili anaondoka. Nilikuwa sina maneno yangu nikawa nasali ya kwake.

#4
Samahani naomba niwe mkweli, mimi bado. Ndoa yangu inavunjika sasa hivi ninavyoandika, nasoma Wafilipi 4 kila siku ile ya amani ipitayo akili zote na moyo unadunda vilevile. Nyie mlifanyaje ikaja? Au mimi kuna kitu nakosea?

Mleta uzi:
#4 hukosei, na umefanya vizuri kusema. Mimi ilinichukua miezi mingi na haikuja kama umeme, ilikuwa leo dakika tano, kesho hakuna, keshokutwa nusu saa. Hiyo Wafilipi kumbuka Paulo aliiandika akiwa kifungoni, na aya ya 6 inasema haja zenu na zijulikane na Mungu, kwa hiyo mwambie kama ilivyo, hasira na yote, usiipambe. Ukikosa maneno chukua Zaburi ya 13, ni aya sita tu na "hata lini" imo mara nne. Halafu usikae na hili peke yako, tafuta mtu mmoja unayemwamini umweleze uso kwa uso, na kama ndani ya nyumba kuna kupigwa au kutishiwa, toka kwanza uwe salama, kuomba utaombea huko huko, asikudanganye mtu kwamba kuvumilia kipigo ndo imani.

#3
#4 dada au kaka, nimeandika ombi lako kwenye daftari langu. Saa nne usiku leo nakuombea, hata ukiwa umelala.

#4
Asanteni. Saa nne nitakuwa macho.