Misuli inauma baada ya mazoezi: ni kawaida au nimeumia? Mnatofautishaje?

Mbio_Mpya
Habari zenu wakuu. Juzi asubuhi nilikimbia kwenye mteremko mrefu kwa mara ya kwanza. Siku ile sikusikia kitu. Jana nikaamka mapaja yote mawili yanauma, na leo ndiyo yamezidi: nikishuka ngazi lazima nishike ukuta. Halafu kuna sehemu moja kwenye ugoko wa kulia inauma kivyake, hiyo ina wiki mbili sasa. Nimeshaambiwa vipimo vitatu: angalia maumivu yalianza lini, angalia yako wapi, au pasha mwili uone kama yanapungua. Ninyi mnaamini kipi?

Kocha_wa_Jioni
Mimi naanza na muda. Maumivu ya kawaida huwa hayaji palepale. Yanaanza saa 12 hadi 24 baadaye, yanakuwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72, kisha yanaisha yenyewe ndani ya wiki. Aliyechanika msuli atakuonyesha hadi hatua aliyokanyaga akaumia.

Mapaja yako yasikutie hofu, mteremko ndio uliofanya hayo. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja ndio breki: unakaza huku unarefushwa, na nyuzi zake zinapata michubuko midogo sana. Ndiyo maana kushuka kunaacha maumivu kuliko kupanda. Ukirudia njia hiyohiyo baada ya wiki moja au mbili, utaona maumivu yamepungua sana, maana misuli inazoea. Wanaosema ni asidi ya laktiki imebaki kwenye misuli wanakosea, ile inaondoka mapema tu baada ya kupumzika.

Dada_Uzani
Kocha, nakubali kwa mapaja, ila muda peke yake hautoshi. Kuna majeraha yanayonyemelea polepole, huwezi kutaja siku wala saa. Mimi naamini mahali. Mwambie mtu "nionyeshe panapouma." Akipapasa paja zima kwa kiganja, na la pili vilevile, mara nyingi ni misuli imechoka. Akiweka kidole kimoja, upande mmoja tu, kwenye kiungo au mfupa, hapo mimi nasimamisha mazoezi.

Kengele20
Kwangu ni kupasha mwili tu. Nikitembea dakika kumi maumivu yakalegea, naendelea na ratiba. Yakizidi, naacha.

Mzee_wa_Nyimbo
Ndugu yangu Kengele, kipimo hicho ndicho kilichoniponza mimi. Kila asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza kano ya kisigino inauma, nachechemea hadi mlangoni. Nikianza kukimbia, baada ya muda mfupi maumivu yanapotea kabisa. Nikajua basi ni kawaida. Nilikwenda hivyo miezi miwili, hadi siku moja nikaibana kano kwa vidole viwili nikagundua imenenepa kuliko ya mguu wa pili. Kupona kulinichukua muda mrefu kuliko ile miezi miwili. Kano inalegea ikipata moto, halafu inakudai kesho yake. Kwa hiyo usiangalie tu mazoezini, angalia asubuhi inayofuata: ni afadhali kuliko jana au ni vibaya zaidi?

Fizio_Viungo
Natibu watu kwa kazi hii, na Mzee amegusa penyewe. Mkinilazimisha kuchagua, nafuata mahali kwanza, halafu mwenendo wa siku hadi siku. Kupasha mwili nakuweka mwisho.

Mbio_Mpya, mapaja achana nayo, tembea taratibu yatapona. Ugoko ndio unaonisumbua. Bonyeza kwa ncha ya kidole kando ya mfupa. Kama uchungu umesambaa kwenye urefu wa kiganja hivi, huenda ni nyama na utando wa mfupa vimezidiwa. Kama ni nukta moja juu ya mfupa wenyewe, na kila ukikimbia inauma mapema zaidi, au inauma hata ukiwa umelala, acha kukimbia leo ukapimwe. Unaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa. Mweleze daktari historia yote, kwa sababu wiki za mwanzo eksirei mara nyingi haiuonyeshi. Na usimeze dawa ya maumivu ili ukakimbie, utakuwa umeizima kengele.

Mengine hayasubiri hata kesho: mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, kigimbi kimoja kuvimba na kupata joto (msikikande, huenda damu imeganda), kusikia mlio kama umepigwa teke kisiginoni, au kushindwa kupiga hatua nne.

Dada_Uzani
Asante Fizio. Hilo la mkojo wengi hawalijui, wanakunywa maji na kulala.

Mbio_Mpya
Nimebonyeza sasa hivi. Ni nukta moja, kidole kinapafunika pote, na nimeruka juu kwa uchungu. Na kweli, wiki ya kwanza palikuwa panauma mwisho wa mbio, sasa panaanza nikiwa bado sijatoka jasho. Raba naziweka kando, kesho asubuhi naenda kupimwa. Nitarudi kuwaambia walichokiona.