MREJESHO: Picha za mitumbwi pale Jiwe la Bismarck, Ziwa Victoria, Mwanza

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini mitumbwi kwenye picha zangu inaonekana kama vijiti vilivyopotea ziwani. Asanteni sana! Nilichuchumaa karibu na maji kama mlivyoniambia, nikauweka mtumbwi theluthi ya kushoto ya picha, ncha ya mbele ikielekea upande wenye nafasi. Sasa hata kamba iliyolowa na rangi ya buluu iliyobanduka ubavuni vinaonekana. Gridi ya simu (ile mistari ya kupimia kwenye skrini ya kamera) nayo imeninyooshea mstari wa maji. Kilichoshindikana ni mitumbwi ya dagaa usiku: taa zote zimetoka ukungu, sikuwa na stendi ya kushikilia simu isitikisike. Aliyesema nisubiri mtumbwi uachane na jiwe ndipo nibofye, Mungu akubariki, hiyo ndiyo iliyoiokoa picha.