Katuni zangu zinazunguka bure WhatsApp na Telegram. Walio katika kazi hii mnafanyaje?

MchoraWaKatuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu wote. Ninachora katuni, bede kama tunavyosema huku kwetu, na ninazichorea kwenye tabuleti nyumbani, Katuba. Hadithi yangu ni ya msichana ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Sasa mama anauza makala, yaani mkaa, na binti anawapelekea maji wachimbaji wa mkono. Watu wa hapa wanajiona humo ndani: masahani ya enameli, kuta za matofali ya kuchoma, lile bomba refu la moshi na mlima wa mabaki ya shaba unaoonekana toka kila upande wa mji. Sura moja ina kurasa kama ishirini. Kuiandika, kuichora, kuitia rangi na kuweka maneno kunakula karibu mwezi, maana umeme ukikatika, tabuleti nayo haichelewi kuzimika.

Sura ya kwanza niliitoa bure. Kuanzia ya pili nauza faranga 2,000: mtu ananitumia pesa kwa simu, mimi namtumia PDF kwa WhatsApp. Mwanzoni mambo yalienda vizuri, hata kodi ya nyumba nililipa kwa pesa ya huyo msichana wangu wa makala. Ilipotoka sura ya nne, wanunuzi walipungua karibu nusu, huku salamu na maoni yakizidi kumiminika. Sikuelewa mpaka nilipopanda basi la kwenda Kasapa, kwenye chuo kikuu. Mwanafunzi aliyekaa karibu nami alikuwa anaisoma sura hiyo kwenye simu, na chini ya kila ukurasa, pale panapokaa jina langu na namba yangu, pamekatwa. Nikamuuliza kwa upole ameipata wapi. Akajibu: kwenye grupu la promosheni yetu, wanafunzi wa mwaka wetu. Kisha akanisimulia hadithi yote kwa furaha, bila kujua anamsimulia nani.

Baadaye nikagundua kuna chaneli ya Telegram iliyokusanya sura zote katika faili moja. Sura mbili za mwanzo wanaziweka wazi, zilizobaki ziko kwenye grupu la kulipia. Yaani kuna mtu anapokea pesa kwa kazi yangu kila mwezi. Na katika komini (mtaa) ya Kenya, hapa hapa mjini, kuna mtu anachapisha uso wa msichana wangu kwenye tisheti.

Tafadhali msinijibu kwamba "wanakutangaza". Hilo nimeambiwa na wajomba, na marafiki, hata kanisani. Tangazo lililokatwa jina na namba linamtangaza nani? Msomaji aliyeipenda kazi hana njia ya kunifikia, hata kama faranga anazo mkononi.

Ninachouliza: je, sheria ya nchi yetu inaweza kunisaidia kweli? Na ninyi mnaouza kazi za faili, picha, midundo, video, mnauzaje ili angalau sehemu ya pesa imfikie aliyetoka jasho?

---

FundiKadi

Dada, pole sana. Mimi nina kibanda karibu na soko la Kenya, najaza nyimbo na filamu kwenye simu na kadi za memori. Katuni yako naijua, wateja wanaiita "ya makala". Sikujua mwenyewe ni nani, kwa sababu iliponifikia haikuwa na jina.

Nikueleze inavyokwenda huku chini. Mteja wangu hanunui katuni, ananunua kujaziwa simu. Anatoa faranga 1,000, namwekea nyimbo, vichekesho, mahubiri, filamu moja au mbili, na katuni yako inaingia humo humo. Wengi hawana mega za intaneti za kupakua kitu kizito, mega ni ghali. Wengine pesa ya simu wanayo ila hawatamtumia mtu wasiyemjua, wanaogopa kuliwa. Kwangu wanalipa kwa mkono, wanaiona faili ikifunguka, wanaondoka.

Kwa hiyo nakupa wazo. Niletee wewe mwenyewe faili safi, yenye jina lako na namba. Nitaiuza peke yake, nje ya ule mchanganyiko, faranga 1,000, na tugawane. Mteja akijua kwangu anapata sura mpya siku ile ile inayotoka, ya nini kungoja ile ya grupu iliyokatwa katwa? Ninafahamiana na vibanda vingine vya hapa sokoni. Tukielewana, nao wataingia.

---

KaraniWaSheria (Lubumbashi)

Dada yangu, nimesomea sheria na ninafanya kazi kwa wakili. Haki yako haingoji karatasi yoyote. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Kuondoa jina lako peke yake tayari ni kukuvunjia haki, hata kama aliyelitoa hakuuza kitu. Kuna pia SOCODA, ushirika wa haki za watunzi uliokuja mwaka 2011 mahali pa ule wa zamani, SONECA. Kujiandikisha huko kunakupa ushahidi wa ziada, na ushahidi una thamani siku ya mabishano. Tunza vilevile faili zako za awali, zile zenye tabaka za michoro na tarehe. Mwizi ana PDF tu. Hawezi kuonyesha mchoro wa penseli ulio chini ya rangi.

Sasa panga adui zako kwa urahisi wa kufikika.

Wa tisheti anza naye. Ana mlango, ana mashine, ana majirani. Kuchapisha na kuuza kazi ya mtu bila ruhusa kunaitwa kontrefason, na kunaweza kufika parke, kwa mwendesha mashtaka. Lakini usikimbilie huko. Mpelekee barua ya wakili yenye picha ya tisheti na picha ya ukurasa wako, umpe njia mbili: aache, au akulipe kwa kila tisheti. Nimeona watu wa namna hiyo wakichagua kulipa, kwa sababu mchoro unauzika na hawataki kuupoteza.

Wa Telegram yuko mbali lakini si hewani. Kongo imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za watunzi, kwa hiyo haki yako inatambulika katika nchi zote za mkataba huo. Marekani wana sheria ya mwaka 1998, DMCA: kampuni inayohifadhi faili za watu haishitakiwi kwa makosa ya wateja wake, mradi ikiarifiwa na mwenye kazi iondoe faili haraka. Ndiyo maana Facebook, Instagram na YouTube wana fomu ya malalamiko ya haki ya mtunzi. Telegram nao wanapokea malalamiko juu ya chaneli za wazi. Magrupu ya faragha kwa miaka mingi walisema hawayagusi. Kwa hiyo lenga chaneli, ndiyo mlango wanaoingilia wateja wa lile grupu la kulipia. Katika malalamiko weka kiungo cha kila ujumbe, si jina la chaneli tu. Eleza kazi yako ni ipi, weka jina lako halisi, tamka kwamba unayosema ni kweli, utie sahihi. Na uwe tayari: jina na mawasiliano yako yanaweza kumfikia uliyemlalamikia, basi tumia barua pepe ya kazi. Chini ya DMCA naye ana haki ya kupinga, na akipinga faili inaweza kurudi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi.

Ndani ya magrupu ya WhatsApp, sitakudanganya, huwezi kufanya mengi. Ujumbe umefungwa kati ya simu na simu. Tangu Aprili 2020, kilichoforwadiwa mara nyingi kinaruhusiwa kupelekwa kwenye chati moja kwa wakati mmoja. Hilo linapunguza mwendo tu.

---

Papa_Kamalondo

Wanangu, mimi nimekulia katika nyumba yenye picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, sebuleni. Miaka ya sabini wachoraji wa mji huu walipita mlango kwa mlango na picha za mamba muntu na za Kolonibelge, yaani enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, zimechorwa kwenye magunia ya unga. Hakuna aliyesema mamba muntu ni wake. Mmoja alichora, mwenzake akaona, naye akachora. Ndivyo familia za wafanyakazi zilivyopata picha ukutani. Binti yangu, ukiifungia picha, vijana watajifunzia wapi? Tunavyozungumza hapa, mtu anaweza kudhani watu wetu walikuwa wezi tangu zamani.

---

MchoraWaKatuba

Papa, nakuheshimu, na hata kwa bibi yangu mamba muntu alikuwepo. Wale wazee siwaiti wezi hata kidogo. Aliyeiga alitafuta rangi yake, akanyoosha gunia lake, akachora kwa mkono wake, na aliyenunua alimlipa yeye aliyechora. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa kwetu, alichora Lumumba kama wengine walivyomchora, na jina lake likakaa juu ya kazi yake. Mtoto wa Katuba akichukua karatasi akamchora msichana wangu, nitakaa naye chini nimwonyeshe jinsi ya kushika kalamu. Hawa ninaowalalamikia hawakuchora mstari hata mmoja. Walichukua mkasi, wakaniondoa, wakaweka bei.

Na yule mwanafunzi wa basini sina ugomvi naye. Aliyempelekea rafiki yake faili moja hanisumbui akili. Anayenikosesha usingizi ni yule anayekusanya malipo ya mwezi kwa kazi asiyoweza kuifanya.

---

KijanaRuashi

Swali tu, dada. Programu unayochorea uliinunua? Maana hapa mjini karibu wote wanatumia zilizovunjwa, zisizolipiwa.

---

MchoraWaKatuba

Nachora kwa Krita. Ni ya bure kwa ruhusa ya walioitengeneza, na maandishi nayaweka kwa Inkscape, nayo vilevile. Naomba vijana wanaoanza wazijaribu. Zile zilizovunjwa mara nyingi zinakuja na virusi, na siku inapozimika hujui umlilie nani.

---

Midundo_Kadutu (Bukavu)

Dada, salamu toka Bukavu. Mimi natengeneza midundo, wizi huu naujua vizuri. Zamani sauti ya jina langu niliiweka mwanzo wa mdundo, sekunde mbili za kwanza. Wakaikata. Sasa naiweka katikati ya kiitikio, na mteja anapata nakala safi akishalipa.

Wewe namba yako umeiweka chini ya ukurasa, kwenye nafasi nyeupe. Iingize ndani ya mchoro. Mama wa msichana wako anauza makala: andika jina lako kwenye gunia. Msichana anapita mbele ya duka: maduka yetu yote yana maandishi ya rangi ukutani, andika namba yako pale, kwa herufi zile zile za wachora mabango. Atakayetaka kuikata itabidi akate hadithi yenyewe. Naye anayesoma nakala ya wizi huko Uvira au Kolwezi atajua pa kukupigia.

La pili, kila nakala unayouza iandike jina la mnunuzi, ukurasa wa kwanza na mwingine mmoja wa katikati: "Nakala ya Mama Fulani". Ni dakika chache. Haizuii kila mtu, lakini watu wanaona haya jina lao likizunguka, na likizunguka unajua lilipoanzia.

La tatu ni ushauri wa moyo tu: usiegemee faili peke yake. Mimi kula yangu inatoka kwenye kazi za kuagizwa, matangazo ya redio, harusi, kampeni za afya. Mdundo uliosambaa ndio unaofanya wanipigie, lakini wananipigia kwa sababu jina bado limo ndani.

---

MchoraWaKatuba

Midundo, wazo la gunia na ukuta limeniingia kabisa. Nimeshafungua sura ya tano. Katika kurasa nane za mwanzo nimepata ukuta wa kinyozi, ubavu wa basi na magunia mawili. Hata picha yenyewe imependeza zaidi, imekuwa kama mji wetu ulivyo.

KaraniWaSheria, nitapiga picha ile tisheti wiki hii na kukuandikia faraghani juu ya barua. Ningependa akubali kulipa kuliko kufunga, amewapa kazi vijana wawili pale. Wa Telegram nimeanza kukusanya viungo vya kila ujumbe.

FundiKadi, nakubali, kwa masharti: faili iuzwe peke yake, bila kukatwa, na ile ya zamani uifute kwenye mashine yako. Mgawo nataka 600 kwangu, 400 kwako. Na kabla sijaja, niambie: mteja akirudi wiki inayofuata akitaka ile ile kwa ndugu yake, unamwekea bure au analipa tena?

---

FundiKadi

Analipa tena, simu nyingine ni kazi nyingine. 600 kwa 400 sawa. Ya zamani nitaifuta mbele yako. Njoo Jumamosi baada ya saa nane, asubuhi foleni ni kubwa, na ulete faili kwenye flashi.