Tupeane uzoefu: ni kipindi gani cha wanyama kilichokubadilisha moyo?

Mzawa wa Kaloleni: Jana usiku mjukuu wangu alilia alipoona kwenye runinga ndama wa ndovu akiuzunguka mzoga wa mama yake, nami nikakumbuka Rais Moi akiziwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mtaani tulikuwa na runinga moja tu, ya mwenye duka, na tulijazana hadi dirishani. Baba, aliyezoea kusema kwamba wanyama ni mali ya watalii, hakutamka neno mpaka taarifa ikaisha. Nani mwingine ana kumbukumbu kama hiyo?

Binti Eastleigh: Nakuunga mkono, mzee. Sisi pia tuliitazama kwa jirani.

Wa Umoja: Samahani, pembe hizo zilichomwa na Rais Uhuru, na zilikuwa tani 105.

Mzawa wa Kaloleni: Ndugu yangu, huo ni moto wa Aprili 2016. Wa Moi ulikuwa Julai 1989, picha zake zikazunguka dunia, na Oktoba mwaka huo huo nchi nyingi zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe.

Nasieku wa Kitengela: Ninyi wa mjini mliwajua simba kwa kioo, mimi niliwajua kwa kilio cha mbuzi usiku. Nilikuwa darasa la saba waliporuka ua wetu wa miiba na kuua mbuzi kumi na wanne, akiwemo beberu ambaye babu alikusudia kumuuza nilipiwe karo. Alfajiri wanaume walitoka na mikuki, nami nikawafuata kwa mbali, nikamkuta simba jike amekwisha kuuawa, matiti yake yamejaa maziwa. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilitazama kile kipindi cha BBC kilichoanza 1996 kuwafuatilia simba wa Maasai Mara, kila mmoja akiitwa kwa jina, nikashindwa kuvumilia, nikatoka nje, kwa sababu yule wa kwetu hakuwa na jina. Lakini pia sijaona kipindi kinachomwonyesha mama yangu akihesabu mizoga.

Mwalimu wa South C: Pole sana, dada. Hata hivyo tusivibeze vipindi hivyo, kwani Bernhard Grzimek, yule mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, aliwaomba watazamaji wa Ujerumani michango kupitia runinga, na Serengeti ikanufaika.

Nasieku wa Kitengela: Mwalimu, michango hiyo haikumlipa mama mbuzi hata mmoja.

Binti Eastleigh: Ndiyo maana nakipenda kipindi cha Dkt. Paula Kahumbu kilichoanza 2019, kwa kuwa humo Wakenya wenyewe ndio wanaosimulia.

Wa Umoja: Dada, zungusheni boma taa za kumwekamweka, zile alizobuni kijana wa huko huko kwenu.

Jirani wa Rongai: Simba huzizoea. Fugeni mbwa wakali.

Wa Umoja: Mbwa ndio kitoweo cha chui!

Mzawa wa Kaloleni: Nasieku, binti yangu, nimemsomea mjukuu habari yako. Anauliza kama watoto wa yule simba walipatikana.

Nasieku wa Kitengela: Mwambie, mzee, kwamba mimi na kaka yangu tuliwatafuta siku mbili kwenye vichaka vya mtoni, tukiwa na maziwa ya mbuzi kwenye kibuyu, na hatukuwapata.