Mrejesho: mafunzo kwanza, fomu za chama baadaye

Swali langu lilihusu namna ya kuwaunganisha vibarua wa ujenzi wanaohamishwa kila kandarasi ndogo inapokwisha, nami nikashauriwa kutanguliza mafunzo ya usalama kabla ya kugawa fomu za kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ushauri huo umezaa matunda, ingawa si kwa kila kundi.

Kilichowavuta zaidi ni somo la majukwaa ya muda ambayo mafundi husimama juu yake wakijenga: fundi mkongwe aliwaonyesha mirunda iliyofungwa vibaya, akaifungua na kuifunga upya mbele yao, kisha akawasomea Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988, ambao unampa mfanyakazi wa ujenzi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, mradi amjulishe msimamizi wake mara moja. Hapo ndipo maswali yalipomiminika, na saidia fundi ambao kwa kawaida hukaa kimya ndio waliouliza zaidi.

Wafunga nondo wamejiunga karibu wote na wamemchagua mwakilishi wao. Wapaka rangi bado wanasitasita, kwa kuwa msimamizi wao ndiye anayewatafutia kazi inayofuata. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, haiondolewi na semina.